Kaunta buku, daftari la rafu, faili au simu? Pa kuandikia praktikali za baiolojia ukiwa mwaka wa kwanza

Kila mwaka wanafunzi wapya wakishaanza baiolojia hapa Kigoma, wiki ya kwanza haiishi bila mtu kunifuata nje ya maabara akaniuliza, dada samahani, hivi ninunue kaunta buku au faili, au niandike tu kwenye simu alafu nitaprinti? Mi ndo naandaa praktikali za mwaka wa kwanza chuoni, napanga hadubini, nachanganya miyeyusho, na madaftari yakikusanywa nayapitia mimi kabla mwalimu hajayagusa. Kozi yenyewe niliisoma hiyohiyo. Nimeona madaftari ambayo unatamani kukaa nayo jioni nzima, na nimeona mengine masafi kwa macho, mwandiko mzuri, rangi tatu, ila ukitaka kujua jaribio lilifanyikaje hukuti kitu. Sa leo naandika kwa urefu, mana kujibu mmojammoja kila mara kuna kitu nasahau.

Machaguo ninayoyaona ni manne: kaunta buku unayoandikia humohumo maabara, daftari la rafu ambalo baadae unanakili kwenye daftari safi, faili la karatasi, na simu. Nisikuzungushe, mi nachagua kaunta buku, na simu iwe msaidizi wa picha. Ila soma sababu, kwa sababu hali zenu hazifanani na kuna vyuo vinataka faili, hapo huna ujanja.

Kabla ya kulinganisha tuelewane daftari lenyewe ni la nini. Ni kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo, na huyo mtu mara nyingi ni wewe mwenyewe miezi miwili baadae. Anatakiwa asome aweze kurudia ulichofanya na aone ulichoona. Kwa hiyo lazima kuwe na tarehe na saa, lengo, vifaa na vipimo vyake, ulichofanya, ulichoona, hesabu, kilichoharibika, alafu ndo hitimisho. Wengi wanaanguka kwenye ulichofanya, wanakopi mwongozo. Mwongozo unasema chemsha dakika 5, nyie mlichemsha 8 kwa sababu jiko la spiriti lilikuwa linasuasua, basi andika 8! Mwongozo upo umeshaprintiwa, hauhitaji kuandikwa mara ya pili.

Mfano ulionifanya nilichukulie hili jambo kwa uzito ni wa mawese. Praktikali ya kupima chakula mnaijua: ayodini kwa wanga, inatoka kahawia inakuwa bluu nyeusi. Benedikti kwa sukari, unachemsha na ile bluu inapita kijani, njano, chungwa mpaka nyekundu ya tofali kutegemea sukari ilivyo nyingi. Bayureti kwa protini inaleta zambarau. Sudani III kwa mafuta, unatikisa, ukiacha itulie yanapanda juu yakiwa yamenyonya ile rangi nyekundu. Sasa mwaka mmoja kundi moja likaja na mawese ya sokoni badala ya mafuta ya alizeti, si unajua Kigoma mawese hayakosekani nyumbani. Wote wakaandika nyekundu imepanda juu, mafuta yapo. Mmoja tu, binti mmoja mkimya ambaye hata swali darasani haulizi, alikuwa ameandika mstari mmoja kabla hawajaweka chochote: sampuli yenyewe ni nyekundu ya chungwa, 09:12.

Huo mstari ukabadilisha kila kitu, kwa sababu mawese yana karotini, ile rangi yake ya asili, na ni mekundu toka kwenye chikichi. Nyekundu juu ya nyekundu haijathibitisha chochote. Nilipousoma nikamwambia mwalimu na wiki iliyofuata wakarudia kwa njia ya doa: tone la mawese kwenye karatasi nyeupe, pembeni tone la maji, pembeni tone la alizeti, unaacha yakauke alafu unainua karatasi dirishani. La maji linapotea, ya mafuta yanabaki na yanapitisha mwanga. Yote hayo yalitokana na mtu kuandika alichokiona wakati anakiona. Angesubiri jioni aandike vizuri hostel angeandika kama wenzake, na asingekuwa amedanganya, ni kwamba jioni kichwa kinakumbuka kile mwongozo ulichotaka kitokee.

Hapo ndo ulipo mzani wangu wa kupima haya machaguo yote. Lipi linakufanya uandike hapohapo, na lipi linafanya ulichoandika kisipotee wala kisibadilike kimyakimya.

KAUNTA BUKU NA DAFTARI LA RAFU

Huu ndo mvutano mkubwa na nitakaa hapa zaidi. Shuleni wengi tumezoeshwa rafu na safi, unaandika rafu kwenye karatasi yoyote alafu unanakili, na ile rafu inafungia maandazi. Na ukweli safi inapendeza, mwalimu anasoma haraka, hata maksi za usafi unapata. Kaunta ya maabara ina madoa ya ayodini, ina mistari iliyokatwa, mwandiko unapanda na kushuka kwa sababu mkono mmoja umeshika testi tyubu.

Ila ona kurasa mbili za jaribio moja, kiazi na chumvi, lile la osmosisi, yani maji kupita kwenye utando wa seli kwenda upande wenye chumvi zaidi. Nimeziandika upya zifanane na nilizokuwa nazikuta. Hii ni ya safi:

Vipande vya kiazi viliwekwa kwenye maji na kwenye maji ya chumvi. Baada ya muda, kipande kilichokuwa kwenye maji kiliongezeka urefu na kilichokuwa kwenye chumvi kilipungua. Hivyo osmosisi imetokea.

Na hii ni ya kaunta:

14:05. Vipande 4, urefu sm 5.0, 5.0, 4.9, 5.0 (cha tatu ncha imekatika, tumekitumia hivyohivyo). Cha 1 na 2 kwenye maji ya bomba, maji ya distili yameisha. Cha 3 na 4 kwenye chumvi, vijiko 2 vya chai kwa ml 100, hatujapima kwa mzani kuna foleni. 14:50 tumetoa. Cha 2 tumekisahau, kimetoka 14:54. Maji: 5.2, 5.2. Chumvi: 4.6, 4.7, vimelegea, vinapinda bila kukatika.

Ya kwanza haina kosa hata moja la sarufi na haina namba hata moja. Huwezi kuifanyia chochote. Ya pili inakuambia maji yalikuwa ya bomba, kwa hiyo mtu wa chuo kingine akipata jibu tofauti mna pa kuanzia kubishana. Inakuambia chumvi haikupimwa, kwa hiyo usiende kuandika asilimia ya mmumunyo ambayo hukuwa nayo. Alafu angalia kile kipande cha tatu. Kimetoka 4.9 kikaja 4.6, hiyo ni kupungua asilimia 6.1. Cha nne kimetoka 5.0 kikaja 4.7, asilimia 6. Yani vinakubaliana vizuri kabisa. Lakini yule anayenakili jioni angeandika vyote vilikuwa sm 5, mana mwongozo ulisema kata sm 5, alafu cha tatu kingeonekana kimepungua asilimia 8 na mwenzake 6, aanze kutafuta maelezo ya tofauti ambayo haikuwepo. Milimita moja iliyoandikwa kwa wakati imewaokoa.

Wanaotetea rafu huwa wananiambia mbona hata Gombe, kule hifadhini wanakotafiti sokwe, walifanya hivyo. Na wana hoja, nisiwaonee. Hapo Gombe, kilomita kama 16 kaskazini mwa mji, unapanda boti Kibirizi, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Julai 1960 akiwa na darubini na vitabu vidogo vya kuandikia. Mchana alikuwa anaandika kwa kifupi akiwa porini, jioni kambini anaandika kirefu. Novemba mwaka huohuo akamwona yule sokwe dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka majani kwenye kichuguu na kuvuta mchwa, jambo lililofanya watu wafikirie upya nani anatumia zana. Kwa hiyo ndio, rafu na safi inaweza kufanya kazi kubwa. Ila tazama masharti yake: rafu iliandikwa mbele ya sokwe mwenyewe, na safi iliandikwa siku hiyohiyo. Mnayofanya nyie ni rafu ya Jumanne kuandikwa safi Jumapili usiku kwa sababu Jumatatu madaftari yanakusanywa, na rafu yenyewe ni mgongo wa karatasi ya mtihani. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Na kuna jambo la Gombe ambalo watu wa hapa tunatakiwa tujivunie zaidi. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakateka wanafunzi wanne wa utafiti, na baada ya hapo wageni wakaondoka. Waliobaki wakiwafuata sokwe na kuandika kila siku ni wasaidizi wa utafiti Watanzania, na waliandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu za Gombe zingekuwa na tobo kubwa katikati kama si wao. Nitarudi kwenye hilo la Kiswahili huko chini.

Kwa hiyo kati ya haya mawili: kama unajijua utanakili siku hiyohiyo kabla ya kulala, na rafu yako ni daftari lenye jalada ambalo hutalitupa, endelea na mfumo wako, hata ukiulizwa utakuwa na ushahidi. Kama hujijui hivyo, na mwaka wa kwanza wengi hatujijui, chukua kaunta moja uandikie humohumo. Kuna na suala la muda. Kunakili praktikali moja vizuri ni karibu saa nzima, wiki ina praktikali mbili, hiyo saa ungeitumia kukokotoa na kuandika sehemu ya majadiliano ambayo ndo wengi wanaandika mistari miwili tu.

Kaunta nayo ina matatizo yake. La kwanza, ina mistari, na mchoro wa seli juu ya mistari haupendezi, hata mistari ya lebo inachanganyika na mistari ya daftari. Ukibahatika kupata yale madaftari yenye upande mmoja mweupe na mwingine wa mistari chukua hayo, ukikosa unachora kwenye karatasi nyeupe unabandika kwa gundi. Usibandike kwa pini za stepla, zinapata kutu na zinachana ukurasa wa nyuma. La pili, ikipotea imepotea yote. La tatu hili watu hawalifikirii: ikikusanywa Ijumaa ikarudi Jumatano, praktikali ya Jumatatu unaandikia wapi? Ndo maana nawaambia nunueni mbili za kwaya mbili badala ya moja ya kwaya nne. Kwaya mbili ni kurasa 192, inatosha muhula na zaidi, na ya mwisho niliyonunua Mwanga, hapahapa Kigoma, ilikuwa elfu tatu hivi. Moja iko kwa mwalimu, moja unayo, juu unaandika Kitabu A na Kitabu B na kwenye kila moja unaonyesha praktikali inayofuata iko wapi.

FAILI

Faili lina uzuri wake. Karatasi ya grafu inaingia, karatasi nyeupe ya mchoro inaingia, unakusanya ripoti moja bila kukabidhi mwaka mzima, na kama umeandika hesabu vibaya unaongeza karatasi. Kwa wale ambao chuo kinasahihisha ripoti mojamoja kila wiki naelewa kabisa kwa nini wanalitaka.

Shida ni hiyohiyo ya kuchomoka. Karatasi inayoingia kirahisi inatoka kirahisi, na ikitoka hakuna anayejua ilikuwepo. Mi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilitumia faili la springi. Mwezi wa nne, mvua, niko kwenye boda tunashuka mteremko kutoka Mwanga kwenda mjini, faili nimelibana kwapani, springi ikafunguka. Nilimsimamisha dereva nikarudi kuokota na yeye akanisaidia Mungu ambariki, lakini karatasi mbili zilishaingia mtaroni na maji yanakimbia. Moja ilikuwa ya ndizi. Nilikuwa nimefuatilia mkungu mmoja siku tano, kila siku nakata ndizi moja natonesha ayodini naandika rangi, siku ya kwanza bluu nyeusi ndizi nzima, kila siku inavyoiva weusi unapungua kwa sababu wanga unageuka sukari. Praktikali nyingine nilizirudia. Ile sikuweza, ndizi ikishaiva haiwi mbichi tena, na mkungu mwingine si mkungu ule. Niliumia sana, na mpaka leo nikiona mwanafunzi ana faili la springi namwita pembeni.

Basi kama chuo chenu kinalazimisha faili, fanya hivi. Toboa karatasi ufunge kwa uzi, achana na springi. Kila karatasi juu kulia andika jina, tarehe na namba kwa mtindo wa 3/7, yani ya tatu kati ya saba, ikikosekana inajulikana. Na lifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kupanda boda, kiangazi na masika.

SIMU

Hapa vijana ndo wananibishia zaidi, na mwanzoni nilikuwa mkali kuliko nilivyo sasa. Simu ina saa inayojiandika yenyewe kwenye picha. Google Docs inatunza historia ya mabadiliko, kwa hiyo hata ukifuta, kilichokuwepo kinaweza kuonekana, hilo kaunta haiwezi. Nakala iko mtandaoni hata simu ikizama ziwani. Na mtu mwenye mwandiko usiosomeka simu inamsaidia kweli, namjua mmoja alipanda maksi kwa hilo tu.

Lakini maabara si mahali pa simu kama unavyodhani. Mikono ina Benedikti, ina mafuta ya samaki, una glavu, skrini haikubali, unavua glavu, unaandika neno moja, unavaa. Matokeo yake unaandika kidogo. Nimelinganisha madaftari ya watu wa kundi moja praktikali moja, wa simu karibu kila mara wana maneno machache ya ulichoona, na si wavivu, ni usumbufu tu. Alafu kuchora kwenye simu kwa kidole hakuna.

Na picha zenyewe zina mtego. Kamera ya simu inarekebisha rangi yenyewe kulingana na mwanga. Testi tyubu moja ya Benedikti ukiipiga dirishani na ukiipiga chini ya taa unapata rangi mbili, sasa kama jibu lako linategemea tofauti ya chungwa na nyekundu ya tofali, picha inaweza kukupotosha na ukaiamini kwa sababu ni picha. Ukipiga, weka karatasi nyeupe nyuma na testi tyubu ambayo haijachemshwa pembeni, zote kwenye fremu moja, na rangi uiandike kwa maneno hapohapo.

Kwenye hadubini ndo nasimama imara. Watu wanaweka kamera kwenye lenzi ya jicho, wanapiga ngozi ya kitunguu, wanasema tayari. Picha ni nzuri, ila ukimwuliza kiini kiko wapi haoni, na ile duara nyeusi yenye ukingo mnene aliyosema ni seli ni kiputo cha hewa. Kuchora kunakulazimisha uangalie mara ishirini, unaangalia unachora, unaangalia tena unakuta ukuta wa seli ulioudhania mmoja ni miwili imekaa sambamba. Chora kwa penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kutia kivuli, mistari ya lebo kwa rula isiyopishana, na andika ukuzaji, lenzi ya jicho 10 mara lenzi ya chini 40 ni 400. Picha ibandike pembeni kama unayo, zinasaidiana.

Kwa hiyo simu naipa kazi mbili: kupiga picha vitu vinavyopita haraka, na kupiga picha kila ukurasa wa kaunta mwisho wa praktikali kabla hujatoka mlangoni. Hiyo ya pili inaondoa lile tatizo la kaunta kupotea, na inakupa kitu cha kusomea wakati kaunta iko kwa mwalimu. Usizitunze WhatsApp tu, inabana picha na namba ndogo hazisomeki, ziweke kwenye folda yake.

PENI, PENSELI, SAA NA LUGHA

Haya watu wanayaona madogo ila ukichagua vibaya yanaharibu kaunta nzuri.

Namba na maneno andika kwa peni ya kawaida ya biki. Peni nyingi za jeli, tone moja la maji wino unatambaa ukurasa mzima. Penseli kwa data sipendi kwa sababu inafutika, na kinachofutika kinashawishi. Ukikosea piga mstari mmoja katikati kilichokatwa kiendelee kusomeka, andika sahihi juu yake, weka herufi za jina lako. Usipake tipeksi, usichane ukurasa, na namba za kurasa ziandike zote siku unayonunua daftari. Nimeshaona zaidi ya mara moja namba iliyokatwa ndo ilikuwa sahihi. Ila penseli inashinda biki sehemu moja, ukiwa na sampuli kwenye spiriti. Spiriti inayeyusha wino wa biki, kwa hiyo lebo inayoingia ndani ya chupa pamoja na samaki iandikwe kwa penseli. Na kwenye hiyo lebo neno dagaa peke yake halitoshi, dagaa wa ziwa letu ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na sokoni wanakaa fungu moja. Kama hujawatofautisha andika dagaa, spishi haijatambuliwa, umenunua wapi na lini.

Saa. Hili ni letu kabisa, vitabu vya nje havitakuambia. Kundi moja, mmoja anaandika saa 3:12 kwa Kiswahili, mwenzake anaandika 9:40 kama simu inavyoonyesha, ukija kutafuta muda jaribio lilichukua unapata masaa sita na nusu wakati ilikuwa dakika 28. Chagueni moja, mi nashauri ya simu, tarakimu nne, 09:12 na 15:12, hakuna asubuhi wala jioni ya kubishania.

Lugha sasa. Kozi ni Kiingereza, mtihani Kiingereza, ripoti Kiingereza, hilo halina mjadala. Lakini safu ya ulichoona, wakati kitu kinabadilika mbele yako, mi nasema andika kwa lugha inayokuja ya kwanza, hata Kiha kama ndo kinakuja. Sababu yangu ni rangi. Wanafunzi wakiandika Kiingereza palepale wana maneno matano ya rangi na kila kitu kinaishia kuwa kahawia. Ukimwambia sema kwa Kiswahili anakuambia ni rangi ya chai ya maziwa, alafu ikawa ya kutu, alafu ikatulia kama damu ya mzee. Hizo ni rangi tatu na mtu yeyote hapa anazielewa, na jioni ukiwa na kamusi unazitafutia Kiingereza ukiwa umetulia. Acha nafasi upande wa kulia wa ukurasa kwa ajili ya tafsiri, usifute ya kwanza. Wapo walimu hawapendi, waulize mapema, na kama hataki basi uwe na safu ya maneno ya rangi uliyoyaandaa kabla ya praktikali. Wale wazee wa Gombe waliandika kwa Kiswahili na sayansi ilisonga.

SASA WEWE UCHUKUE LIPI

Kama unaanza na chuo hakijasema kitu: kaunta mbili za kwaya mbili, biki mbili, penseli, rula, gundi, na simu ya picha. Kama chuo kinataka ripoti ya kuchapwa, andika kaunta maabara alafu chapa kutoka humo, usiruke hatua ya kaunta. Kama faili ni lazima, uzi na namba za 3/7. Kama mkono wako una tatizo na kuandika ni maumivu, simu au kompyuta ni haki yako, mweleze mwalimu, alafu mwombe mwenzako awe anashika vifaa wewe uandike. Kama mko wanne kwenye meza moja msimpe mmoja kazi ya kuandika alafu watatu mnakili, hata kama ndo mwenye mwandiko mzuri. Yule binti wa mawese kundi lake lilikuwa na mwandishi wao, na mwandishi hakuiona ile rangi.

Na kwa wale mnaosoma hii katikati ya muhula mkiwa na karatasi zimetapakaa kwenye begi, nyingine zina mafuta, nyingine hazina tarehe: msizinakili upya. Nunua kaunta leo, zipange kwa jinsi unavyokumbuka, bandika zenyewe zilivyo na gundi ukurasa wa kulia, upande wa kushoto andika unachokumbuka na uandike wazi kwamba ni kumbukumbu na umeiandika lini. Alafu weka saini yako juu ya ukingo, nusu ianguke kwenye karatasi iliyobandikwa na nusu kwenye ukurasa wa kaunta, ikija kubanduka itaonekana.